Makasia kwa Klarineti Mbili

Jumatatu, 14 Juni 1971

Habari kubwa! Afisa Utamaduni anakuja kutoka Dar es Salaam siku ya Saba Saba. Jina lake Ndugu Feliksi. Anatafuta mtu mmoja wa kupelekwa kwenye kozi ya muziki, kisha arudi awe mwalimu wa bendi kwa vijiji vya ujamaa vya mkoa mzima. Mwalimu wa bendi! Mtu huyo ni mimi. Wenzangu hawajajua bado, lakini ni mimi.

Mzee Anatoli, mwalimu wetu, ametutangazia leo baada ya mazoezi. Bendi ya Vijana ina wapiga ngoma, ina wapiga tarumbeta, halafu tuko sisi wawili wa klarineti: mimi Selestini, karani wa duka la ushirika pale Mwanga, na Dunia, mwalimu wa shule ya msingi kule Ujiji. Tarumbeta zina kelele tu. Kwa hiyo watakaompigia mgeni ni mimi na Dunia, wawili peke yetu. Tutapiga "Makasia".

Nieleze vizuri, maana shajara hii siku moja itasomwa na watu wa maana. Mzee Anatoli alipiga klarineti katika bendi ya jeshi enzi za Mwingereza. Alipostaafu alirudi kwake Kasingirima na wazo moja kichwani: bendi haifundishwi kwa kundi, inafundishwa kwa wawili. Wawili wakishajua kusikilizana, hata mia watapiga. Basi ametunga nyimbo za klarineti mbili, zote kutoka humu humu kwetu, na kila moja ina somo lake. "Nifuate": mmoja anatangulia, mwenzake anakuja nyuma na wimbo ule ule, mnajifunza kutokimbia. "Jibu Salamu": mmoja anauliza, mwingine anajibu, mnajifunza kumwacha mtu amalize. "Makasia" ndiyo ngumu. Ni wimbo wa wavuvi wakivuta makasia asubuhi. Sauti ya kwanza inaimba juu, ya pili inavuta maji chini. Nzuri mno! Mzee yule angezaliwa kwingine wangemjengea sanamu.

Kanuni zake ni mbili. Kwanza, hakuna kuhesabu. Tunavuta pumzi pamoja kwa pua, na pumzi hiyo ndiyo amri ya kuanza. Pili, mguu. Mzee akikanyaga chini, puu! mnabadilishana hapo hapo bila kusimama: wa kwanza anashuka ya pili, wa pili anapanda ya kwanza. Anakanyaga wakati wowote apendao. Husema anayejua upande mmoja wa wimbo hajaujua wimbo.

Dunia hubadilisha bila hata kukunja uso. Mimi nina njia yangu. Mguu ukiniangusha kwenye sauti ya pili, natoa klarineti mdomoni, nafuta mate, nakohoa, natazama kama kuna kitu kimelegea, mpaka mguu ulie tena nirudi juu. Miaka miwili sasa na Mzee hajashtuka. Sauti ya pili naijua mwanzo tu, zile noti nne ndefu. Ya nini zaidi? Nani aliwahi kumsifia wa pili?

Jumatano, 16 Juni

Mkakati wa kwanza: nguvu. Afisa lazima asikie nani ni nani. Leo nimejaza kifua nikaipuliza "Makasia" mpaka kuku wa Mzee wakahama ua. Dunia sikumsikia kabisa. Raha tupu!

 Mzee akamtuma Dunia akakae chumba cha ndani na mlango ukafungwa. Mimi nikabaki barazani. Akaagiza tupige hivyo hivyo, ukuta katikati, na tumalize pamoja. Nikapiga, nikamaliza, nikashusha klarineti kwa mbwembwe. Huko ndani Dunia bado anaendelea, taratibu, hana habari. Mzee akaniuliza nimefika wapi. Nikajibu mwisho. Akaniuliza mwisho wa nani.

Tukarudia. Tukarudia tena, jua linazama na njaa inauma. Mara ya mwisho nikapunguza pumzi, nikalaza sikio ukutani, na tukamaliza pamoja! Mwili ulinisisimka. Mtu yuko nyuma ya tofali, humwoni, na unajua kabisa sasa anavuta pumzi! Nimerudi nyumbani naendesha baiskeli huku nacheka peke yangu. Mzee Anatoli hana mfano.

Hata hivyo mkakati wa nguvu umekufa. Natafuta mwingine.

Jumapili, 20 Juni

Nimepata! Ulimi!

Klarineti bila ulimi ni bomba tu. Ulimi ni kile kipande chembamba cha tete kinachofungwa pale unapoweka mdomo. Kikitetemeka, sauti inatoka. Ndimi zetu zinatoka ng'ambo, zinafika kwa kuchelewa, na Mzee anatugawia moja moja kama vidonge vya kwinini. Nikajiuliza: tete si tete? Kule Ilagala, mto Malagarasi unapoingia ziwani, matete yamejaa hadi basi. Nikichonga ndimi zangu mwenyewe nitakuwa na sauti ambayo Dunia hana. Tena ni kujitegemea! Afisa akisikia kuna kijana amejitegemea mpaka mdomoni, mambo yamekwisha.

Baada ya misa nikadandia boti ya wauza dagaa. Nikaingia kwenye matete na panga, maji magotini. Mara kiboko akakohoa. Karibu! Sikungoja kumwona sura. Nimeacha kiatu huko, nimeacha na panga la jirani, lakini mzigo wa matete nimerudi nao. Mvumilivu hula mbivu.

Dada yangu Marsiana, ninayeishi naye, aliponiona mlangoni na kiatu kimoja hakuuliza lolote. Ameanza kuzoea.

Jumanne, 22 Juni

Nimechonga. Nimejikata kidole. Nimefunga ulimi wa kwanza, nikapuliza. Haukulia. Wa pili ukalia, lakini mbuzi wa jirani wakaujibu. Marsiana akatoka jikoni na mwiko akauliza nani anachinjwa. Wa tatu ulitoa sauti tamu kabisa kwa kitambo kidogo, kisha ukachanika ukanichoma mdomo.

Nimekwenda mazoezini mdomo umevimba kama andazi. Mzee akasema matete ya Ilagala ni mazuri sana kwa kuezekea. Ikabidi niseme ukweli kwamba ulimi wangu wa zamani niliutupa kwa kujiamini. Basi Dunia akafungua mfuko wa shati, akatoa ulimi wake mzuri, ule wa siku kuu, akanipa. Yeye akabaki na ule uliochakaa. Wala hakunicheka! Mtu wa namna hii utamchukia vipi? Anaudhi sana.

Na akapiga vizuri vile vile na ulimi uliochakaa. Mungu hagawi sawa.

Alhamisi, 24 Juni

Balaa!

Mzee amepanga. Siku ya Saba Saba Dunia atapiga sauti ya kwanza, mimi ya pili. Mwanzo mpaka mwisho. Mguu hautakanyagwa, kwa sababu mbele ya mgeni wimbo upigwe mzima. Nikajaribu kupinga kwa heshima. Mzee akasema sauti ya pili inahitaji mwenye kifua kama changu, na yeye mwenyewe jeshini aliiomba hiyo ya pili kila mara. Akanishika bega. Akaniambia tuna muda wa kutosha wa kujifunza. Sijui kwa nini alitia mkazo hapo kwenye kujifunza.

Matatizo yangu ni mawili. La kwanza, nitakaa chini ya wimbo kama nanga na Afisa hataniona. La pili, sauti ya pili siijui. Noti nne tu! Baada ya hapo ni giza.

Kuna njia fupi ya kutatua yote, nayo ni kukaa chini nijifunze. Nimeifikiria. Haina akili.

Jumamosi, 26 Juni

Akili ni nywele, na zangu leo zimeota kichaka.

Dunia ni mtiifu. Mguu ukilia, hata awe usingizini, atabadilisha. Mzee amesema yeye hatakanyaga. Hakusema wengine wasikanyage! Basi mimi naanza na noti nne zangu ndefu, naheshimiwa, kisha mahali fulani mguu unalia, puu! Dunia anashuka ya pili mwenyewe bila kugombana na mtu. Mimi napanda ya kwanza, natamba nayo mpaka mwisho. Afisa anauliza, huyu kijana ni nani?

Wa kukanyaga nimempata. Ni Amuri, kiongozi wa mgambo, ambao siku hiyo watapangwa mstari nyuma ya benchi letu. Amuri anapenda gwaride kuliko chakula. Nimemkuta sokoni Ujiji anachagua samaki, migebuka, nikamvuta pembeni, nikamweleza kwamba siku hizi Dar es Salaam muziki wa heshima unapigiwa saluti: baada ya noti nne ndefu, askari mmoja anakaza mguu. Mara moja tu. Macho yakamng'aa. Akaniuliza mara moja tu kweli, kwa sikukuu kubwa ya Taifa? Nikasema mara moja inatosha. Akasema nimwachie yeye.

Nimemwachia yeye. Mambo yanaponyooka hivi mtu unaona hata haya kujisifu.

Jumanne, 29 Juni

Dunia kaja nyumbani. Kaja na klarineti mgongoni na mkungu mdogo wa ndizi kwa ajili ya Marsiana. Akasema, kwa adabu zake zile, kwamba pengine ningependa tuipitie sauti ya pili pamoja, polepole, kwa kuwa yeye pia ilimsumbua mwanzoni. Uongo! Haijawahi kumsumbua. Ameona! Miaka yote hii alikuwa anaona nafuta mate, na hakumwambia mtu.

Nilikaribia kukubali. Kweli kabisa, nilishafungua mdomo. Kisha nikawaza kwamba nikiijua sauti ya pili nitatakiwa niipige. Nikamwambia naijua kama jina langu. Akatabasamu, akasema sawa, kaka.

Basi akapiga yeye, tukiwa uani, sauti ya pili peke yake kutoka mwanzo hadi mwisho. Peke yake haina wimbo, ni kuvuta tu, kuvuta na kuachia. Lakini mwanamke mmoja aliyepita na ndoo kichwani akabadilisha mwendo bila kujua, akaenda na makasia mpaka alipokata kona. Sijaona mpigaji kama huyu. Nikiwa mwalimu wa bendi nitamfanya msaidizi wangu.

Alhamisi, 1 Julai

Marsiana ananichanganya. Anasonga ugali huku anaimba. Anaimba nini? Sauti ya pili! Yote! Nikamuuliza ameitoa wapi. Akasema nyumba hii haina ukuta wa maana, na juzi Dunia amepiga hapo hapo uani, na yeye ana masikio. Nikamwomba anyamaze kwa sababu ananitoa kwenye ile ya kwanza. Akauliza, si wewe wa pili? Nikamwambia mambo ya bendi ni ya ndani sana, hatayaelewa.

Jioni nimepita karibu na uwanja. Mgambo wapo mazoezini na vumbi limepanda hadi juu. Puu! Puu! Amuri jasho linamtiririka. Aliponiona akanipungia mkono kwa furaha. Vijana wana nidhamu hasa! Nimetulia moyoni.

Jumanne, 6 Julai

Kesho. Nimefua shati, nimepiga pasi, nimepaka mawese kidogo kwenye maungio ya klarineti yaingie vizuri. Sasa sisimizi wamo ndani ya klarineti. Nimewapuliza wote nje, nadhani.

Mzee ametuita tukakaa kwenye benchi lake bila kupiga chochote. Akataka tuvute pumzi pamoja tu. Tukavuta na kuachia mpaka sikujua tena nani ameanza. Kisha akasema ametumikia bendi kubwa, amepiga mbele ya magavana, lakini kitu alichokipenda maishani ni hiki, watu wawili na pumzi moja. Mimi nikatazama dari. Nampenda mzee huyu, jamani. Nataka kozi ile nirudi nikae kwenye benchi lake nifundishe kama yeye. Ndiyo maana lazima nishinde.

Jumatano, 7 Julai. Saba Saba

Sijui nianzie wapi.

Uwanja ulijaa. Watu wametoka Ujiji, Gungu, Kibirizi, hadi wavuvi wa Ilagala. Ndugu Feliksi kwenye kiti cha mbele, miwani myeusi, miguu ameikunja. Mgambo nyuma yetu wamenyooka. Sisi kwenye benchi moja, bega kwa bega. Mzee Anatoli pembeni na koti lake la zamani, vifungo vinang'aa.

Tukavuta pumzi. Nikaanza. Noti nne ndefu, safi, nzito! Niliona Afisa amekunjua miguu. Dunia akaingia juu yangu kwa utaratibu. Na hapo hapo, nyuma: puu!

Dunia akashuka. Hakushtuka hata chembe. Nikapanda! Sauti ya kwanza ikawa yangu, mbele ya mkoa mzima! Nikafumba macho. Nikajiona nimekaa ndani ya treni, dirishani, naaga watu.

Ndipo Amuri akanguruma: mguu pande! Puu! Kikosi kizima!

Dunia akapanda. Mimi kwa mazoea nikatoa klarineti mdomoni nikafuta mate. Mguu sawa! Puu! Dunia akashuka, mimi nikarudi juu, nikapakosa mahali. Mguu pande! Puu! Nikafuta mate. Mguu sawa! Puu! Sijawahi kufuta mate mengi hivyo katika maisha yangu. Mdomo ulikuwa mkavu kabisa na bado nafuta. Nikageuka nimkonyeze Amuri aache. Akadhani nampongeza. Akaongeza kasi.

Mwishowe nikashusha klarineti magotini. Basi. Nilikuwa nimekwisha.

Dunia hakusimama. Hebu nisikilizeni, ninyi mtakaosoma. Kila mguu ulipolia, alibadilisha. Juu, puu, chini, puu, juu. Aliruka kutoka sauti moja kwenda nyingine, na kila alipoiacha moja ulikuwa bado unaisikia masikioni, kana kwamba wapo wawili. Mgambo wakadhani ndivyo wimbo ulivyo, wakaanza kukanyaga kwa mwendo wake. Umati ukaingia, miguu ya uwanja mzima, wavuvi wakavuta makasia hewani. Dunia jasho linamtoka, macho mekundu, hakosi. Hakosi! Nilisahau kwamba ni mpinzani wangu. Nilisahau kozi. Alipomaliza nilikuwa wa kwanza kupiga makofi. Mimi! Nimekaa pale pale kwenye benchi, mbele ya watu, klarineti magotini, napiga makofi na kupayuka.

Ndugu Feliksi akainuka, akaja kwenye benchi letu, akamkumbatia Dunia, akasema huyu ndiye. Dunia akasema sisi tuko wawili. Akanishika mkono. Akamwambia Afisa kwamba klarineti moja ni nusu, na bila mimi yeye hajakamilika. Kweli alisema hivyo!

Afisa akanitazama. Akasema basi nipige sauti ya pili, peke yangu, aisikie.

Nikapiga noti nne. Akasubiri. Watu wakasubiri. Nikamweleza kwamba kinachofuata kiko upande wa Dunia.

Alhamisi, 8 Julai

Amuri alifika kwa Mzee asubuhi, mimi nikiwepo, kudai shukrani. Akaeleza mbele ya Mzee jinsi nilivyomwagiza, jinsi walivyojinyima usingizi kwa mazoezi, na jinsi mimi nilivyoomba mguu mmoja tu, naye kwa moyo wa uzalendo akaongeza. Nilitamani ardhi ipasuke.

Alipoondoka, Mzee akaniambia mambo ambayo heri angenichapa. Kwamba tangu mwaka wa kwanza anajua nafuta mate. Kwamba sauti ya pili alinipa makusudi, kwa sababu alijua siku tatu za kukaa na Dunia zingetosha. Na kwamba alishazungumza na Afisa mapema: kozi ile wanafundishana wawili wawili, na kama tungepiga vizuri kwa pamoja, tungechukuliwa wote. Wote wawili! Hakutuambia kwa sababu alitaka tupige kwa kupenda, tusipige kwa tamaa.

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Mimi nimeingia na ngazi nimeivuta ndani.

Hakupandisha sauti hata kidogo. Aliniuliza kama nimekula. Nikasema hapana, akanipa muhogo na dagaa, nikala huku nalia.

Jumatatu, 12 Julai

Dunia ameondoka kwa treni. Stesheni yote ilijaa watu wa Ujiji. Wanafunzi wake wakamwimbia. Nilimbebea sanduku. Nilitaka kumwambia jambo moja la maana, nikashindwa, nikamwambia achunge mizigo yake pale Tabora. Akacheka. Akaniambia nimtunzie Mzee. Kisha akavuta pumzi kwa pua, ile yetu, nami bila kufikiri nikavuta naye, na treni ikaondoka.

Nililia. Marsiana ameandaa jibu kwamba ni moshi wa treni, iwapo watu watauliza. Hakuna aliyeuliza.

Ameondoka mtu, jamani.

Jumanne, 20 Julai

Klarineti ya Dunia ni mali ya bendi, imebaki. Mzee ametangaza atakayeichukua. Marsiana! Dada yangu! Mzee alimsikia anaimba siku alipokuja kunijulia hali. Yeye atajifunza sauti ya kwanza. Mimi nitakaa chini yake na ya pili, wimbo kwa wimbo, tukianzia na "Nifuate", mpaka niijue. Nikauliza kama hakuna mtu mwingine. Mzee akasema yupo, lakini huyo hana masikio.

Marsiana anafurahi kupita kiasi. Jikoni sasa hakuna anayepika.

Jumapili, 22 Agosti

Leo tumepiga "Makasia". Polepole, na Marsiana alikosea mahali, lakini yote! Nimepiga sauti ya pili mwanzo mpaka mwisho na sikufuta mate. Nilikuwa navuta chini, yeye anaelea juu. Alipoyumba nilimsubiri, akarudi, tukaendelea. Nilikuwa sijawahi kuusikia wimbo ule. Miaka miwili nimeupiga na sijawahi kuusikia! Katikati pale sikujua tena pumzi ipi yangu na ipi ya dada yangu. Kifua kilinijaa nikaona nitapasuka kwa furaha.

Mzee alibaki ameinamisha kichwa. Kisha akasema, sasa umeanza. Akaingia ndani haraka, na nikamsikia anapenga kamasi.

Nimekaa hapa tangu jioni nikiwaza, na nimeelewa kila kitu. Siri yote ni sauti ya pili! Ndiyo inayobeba wimbo, ndiyo Afisa aliyotaka kuisikia, ndiyo iliyomliza Mzee. Na Afisa ameleta taarifa kwamba mwakani anarudi kuchagua mwingine. Mmoja tu. Basi kuanzia kesho sauti ya pili naipiga kwa kifua changu chote, mpaka Marsiana asisikike kabisa.